UZI: Necrotauliidae, familia ya wadudu iliyotoweka ikatuachia mabawa matupu

Gamba la Jiwe (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Kisukuku kikitajwa humu jukwaani, mjadala huishia kwa dinosaria wa Tendaguru au nyayo za Laetoli. Mimi leo nina mabawa. Ni madogo, mengi hayafiki hata ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, na yamelala ndani ya mawe ya Ujerumani kaskazini na Uingereza kusini tangu zama za Jurasiki. Wenye mabawa hayo wanaitwa Necrotauliidae. Ni familia nzima iliyotoweka, na kwa zaidi ya miaka mia wataalamu wanavutana kuhusu hawa wadudu ni wa kwa nani.

Kwanza tujuane na jamaa zao walio hai. Kuna oda ya wadudu inaitwa Trichoptera, humu nitawaita trikoptera. Mdudu mzima anafanana na nondo mdogo wa rangi ya udongo, ila mabawa yake yana vinyweleo, hayana ule unga unaobaki kidoleni ukimshika nondo. Ukiwasha taa usiku kando ya mto au ziwa, huyo ni miongoni mwa wageni wa mwanzo kufika. Lava wake, yaani mtoto wake kabla hajaota mabawa, anaishi majini, na hapo ndipo penye utamu. Anatoa hariri mdomoni, na kwa hariri hiyo wengi hujenga vijumba vya kutembea navyo: mchanga, vipande vya majani, vijiti, hata konokono wadogo, vyote vinagandishwa humo humo chini ya maji. Wengine hawana kijumba cha kubeba, wao hutega wavu kwenye mkondo na kula kinachonasa. Spishi hai zilizokwisha kupewa majina zinakaribia 17,000.

Undugu wao na nondo na vipepeo hauna ubishi. Hariri yao inatoka kwenye tezi zile zile za mdomo wa chini, jike ndiye mwenye kromosomu za jinsia zisizolingana (kwetu sisi ni dume), na vipimo vya DNA vinawaweka pamoja kila vinapofanywa. Wote wawili kwa pamoja wanaitwa Amphiesmenoptera.

Sasa Necrotauliidae wanaingia hapo katikati.

Jirani na kijiji cha Dobbertin, katika jimbo la Mecklenburg, palikuwa na shimo la kuchimba udongo wa matofali. Miaka ya 1880 Eugen Geinitz, profesa wa jiolojia wa Rostock, akaanza kuchapisha maelezo ya wadudu waliokuwa wakipatikana humo. Mwaka 1906 Anton Handlirsch wa Vienna, aliyekuwa akiandika kitabu kinene kuhusu wadudu wote wa kale waliojulikana duniani, akachukua yale mabawa yanayofanana na ya trikoptera na kuyaundia familia: Necrotauliidae. Jenasi yake mama ni Necrotaulius.

Handlirsch alikuwa hodari wa kutoa majina. Bawa likipinda kidogo, spishi mpya. Mshipa ukikatika mahali pengine, spishi mpya. Jörg Ansorge alipoyapitia upya mabawa ya Dobbertin mwaka 2002, akiwa na vielelezo vipya mkononi, majina mengi yalionekana kuwa ya mdudu yule yule. Bawa lililokunjamana ndani ya udongo linaweza kumpa mtu "spishi" tatu kama hana subira.

Nikipata nafasi nashuka na sehemu ya pili: kwa nini wengine wanasema hawa si trikoptera kabisa.

---

Bwashee Kiti Moto

Siti ya mbele nimeshika. Leta sehemu ya pili mkuu, usije ukatukimbia kama wale wa nyuzi za ushirikina.

---

mpiga_ramli

Mkuu Gamba, Jurasiki ni miaka milioni mia na zaidi. Mmejuaje? Jiwe limeandikwa tarehe? Mimi bili ya maji ya mwezi uliopita tu inanichanganya.

---

Gamba la Jiwe

mpiga_ramli, swali zuri na nina jibu lenye asili ya Afrika.

Tabaka la Dobbertin lina amonaiti, wale viumbe wa bahari wenye gamba la kuzunguka. Amonaiti walibadilika haraka, kila kipindi na aina yake, kwa hiyo aina ikitajwa unajua uko ngazi gani ya Jurasiki. Hapa ni ngazi inayoitwa Toarsi. Hiyo inakupa mpangilio, nani alitangulia nani. Namba yenyewe inatoka kwenye majivu na lava ya volkano: fuwele za zirkoni zina urani ndani, urani inageuka kuwa risasi kwa mwendo unaojulikana, ukipima kiasi cha kila kimoja unapata umri. Mwanzo wa Toarsi ni yapata miaka milioni 183 au 184 iliyopita.

Na sasa sikia. Wakati huo huo, miaka milioni 183 iliyopita, kusini mwa Afrika lava ilikuwa ikimwagika kwa kiwango cha kutisha. Milima ya Drakensberg na nyanda za juu za Lesotho zimefunikwa na basalti, mwamba wa lava iliyoganda, ya tukio hilo la Karoo. Wanajiolojia wengi wanalihusisha na kilichofuata baharini: hewa ya ukaa ikajaa angani, joto likapanda, na bahari nyingi, ikiwemo ile iliyofunika Ujerumani ya leo, zikakosa oksijeni kwenye kina. Pasipo oksijeni hakuna wa kula mzoga, hakuna mnyoo wa kufukua tope. Mdudu akitua kwenye tope hilo anaachwa kama alivyo. Kwa hiyo volkano za huku kwetu kusini huenda zina mkono katika kutuhifadhia mabawa ya Mecklenburg.

---

mpiga_ramli

Hapo nimekupa. Lakini umesema bahari. Mdudu wa mtoni alifikaje baharini?

---

Mama Nuru

Nilitaka kuuliza hilo hilo, mpiga_ramli kaniwahi. Nilifundisha baiolojia sekondari miaka mingi, na nimesoma uzi huu nikaona pengo: mwanangu Gamba, unatuambia habari za mabawa tu. Lava wako wapi? Wanafunzi wangu wangeuliza hilo kabla sijafuta ubao.

---

Gamba la Jiwe

Shikamoo Mama Nuru. Swali lako na la mpiga_ramli yana jibu moja.

Mdudu mwenye mabawa anapeperushwa. Upepo wa pwani, mafuriko ya mto, anaelea juu ya maji mpaka anazama. Mwili laini unaoza au unaliwa na samaki njiani, mabawa ni makavu na magumu, yanafika. Ndiyo maana mawe ya bahari, Dobbertin na Grimmen kule Ujerumani, na pwani ya Dorset kule Uingereza, yanatoa mabawa. Lava alibaki mtoni kwake. Na mito inahifadhi vibaya sana: maji yanakimbia, kokoto zinasaga kila kitu.

Kwa hiyo ukitaka wadudu wenyewe unapata mabawa bila lava. Sasa ajabu ni kwamba upande wa pili kuna hazina kubwa ya nyumba bila wenye nyumba.

Mwaka 1805 Mfaransa Louis Bosc alieleza mawe ya Saint-Gérand-le-Puy, katikati ya Ufaransa, yaliyojaa mirija midogo. Akaipa jina Indusia tubulata. Ilikuwa ni vijumba vya trikoptera, vimejengwa kwa konokono wadogo wadogo, makumi ya konokono kwenye kijumba kimoja. Vilirundikana ziwani hadi vikawa mwamba. Wenyeji walikuwa na matabaka mazima ya chokaa ya namna hiyo. Charles Lyell, aliyezuru eneo hilo la Auvergne mwaka 1828 pamoja na Roderick Murchison, aliyaandika kwa mshangao.

Wyoming, Marekani, ni zaidi. Katika zama za Eosini palikuwa na ziwa linaloitwa na wanajiolojia Gosiute. Pembezoni mwake lava wa trikoptera walikusanyika kwa wingi, wakaacha vijumba, chokaa ikavifunika, wengine wakaja juu yake, chokaa tena. Vilima vilivyotokea vinafika mita 9 kwenda juu na mita 40 kwa upana. Vimejengwa na wadudu, wakuu.

Shida ni kwamba kijumba hakina sura ya mwenye nacho. Kwa hiyo wataalamu wakakubaliana kuvipa vijumba majina yake pekee, kufuatana na malighafi. Cha majani ni Folindusia. Cha mchanga ni Terrindusia. Cha magamba ya ostrakodi, vijidudu vya majini vyenye gamba, ni Ostracindusia. Cha mifupa na magamba ya samaki ni Piscindusia. Kazi kubwa hapo ilifanywa na Warusi, hasa Irina Sukatsheva wa Moscow, aliyekusanya na kupanga vijumba vya Siberia na Mongolia kwa miongo. Majina hayo hayashindani na majina ya wadudu. Mdudu mmoja anaweza kuwa na jina moja kwa mabawa yake huku kijumba chake kikiwa na jina jingine, na mtu asijue kuwa ni yeye yule.

Hilo ndilo linalonivutia kwenye kundi hili kuliko yote. Historia yao imekuja kwa vipande viwili, na vipande hivyo havikutani ila mara chache sana.

---

Chura wa Kihansi

Wakuu, nimeshawahi kufanya kazi ya kupima ubora wa mito, Morogoro na Iringa, kwa mfumo wa TARISS. Unapiga teke mawe, unashika wavu chini ya mkondo, unamwaga kwenye trei nyeupe na kuhesabu wadudu kwa familia. Trikoptera wenye vijumba ukiwaona unafurahi maana maji yale ni mazuri, wanahitaji oksijeni nyingi. Mto ukishapokea maji machafu ya mji wao ndio wa kwanza kuhama.

Nimewaona kwenye trei: kitu unachodhani ni kijiti kinaanza kutembea. Ukikibonyeza upande mmoja kichwa kinajificha.

Sasa swali langu kwa Gamba: hao Necrotauliidae walijenga vijumba au walitega nyavu?

---

Gamba la Jiwe

Chura, hakuna kijumba hata kimoja kilichofungamanishwa na Necrotauliidae. Anayechora picha ya Necrotaulius akiwa na kijumba mgongoni anatunga.

Lakini kuna mambo ya kuzingatia. Vijumba vya kubebeka vilivyothibitika vinaanza kuwa vingi katika Jurasiki, kisha mwanzoni mwa Kretasia, zama zilizofuata Jurasiki, vinalipuka: Baissa, kando ya mto Vitim huko Buryatia, na maeneo ya Mongolia na China. Baissa ndiko ilikotoka familia nyingine iliyotoweka, Vitimotauliidae, ambayo Sukatsheva aliiunda mwaka 1968. Hao wana bahati: mwamba wao ni wa ziwa, kwa hiyo mabawa na vijumba vimelala katika tabaka moja. Hata hivyo kulala chumba kimoja si kuoana. Mpaka upate mdudu ndani ya kijumba huna ushahidi.

Halafu likatokea la Brazil. Mwaka 2016 watafiti walichapisha habari za mirija iliyopatikana Santa Catarina, kwenye mwamba wa mwanzo wa Permi, yapata miaka zaidi ya milioni 100 kabla ya Dobbertin. Inafanana na vijumba vya trikoptera, na mwamba ni wa bahari. Leo trikoptera wa baharini wanahesabika kwa vidole. Maarufu ni Philanisus plebeius wa New Zealand na Australia, ambaye jike lake hutaga mayai ndani ya mwili wa kiti cha pwani, yule mnyama wa bahari mwenye mikono mitano. Mimi hiyo mirija ya Brazil naiangalia kwa jicho moja nimefumba. Wako minyoo wengi wa baharini wanaojenga mirija ya mchanga.

Uchambuzi wa vinasaba nao unasema ufundi wa kubeba kijumba ulizuka zaidi ya mara moja ndani ya kundi. Kwa hiyo hata Necrotauliidae wakiwa trikoptera halisi, hilo peke yake halikuambii waliishi vipi majini. Hata kama waliishi majini.

---

Mama Nuru

Subiri kwanza. "Hata kama waliishi majini"? Hapo umeruka ngazi, mwanangu.

---

Gamba la Jiwe

Sehemu ya pili ndiyo hii basi, mama.

Mabawa ya Necrotauliidae yana mishipa ya mpangilio wa kizamani. Mfano wa wazi ni mshipa wa kati, unaoandikwa M. Kwenye bawa la mbele la Necrotauliidae una matawi manne. Trikoptera wa leo, wale wasiopoteza mishipa, nao wana manne. Nondo na vipepeo wana matatu. Handlirsch na wenzake waliona hilo na mengine, wakasema: manne, basi hawa ni trikoptera.

Tatizo ni kuwa babu wa pamoja wa trikoptera na nondo pia alikuwa na matawi manne. Nondo ndio waliopunguza. Kama pua pana ilikuwa ya babu, wajukuu wote wanaweza kuwa nayo, na haitakusaidia kujua huyu ni mtoto wa Juma au wa Hamisi. Ili umwite mdudu trikoptera inabidi uoneshe kitu kipya ambacho trikoptera pekee walikianzisha. Vitu hivyo vipo: mdudu mzima ana taya zisizofanya kazi na mdomo uliogeuka kuwa kifaa laini cha kulamba, na lava anapumua majini kwa ngozi bila matundu ya hewa yaliyo wazi. Hebu nioneshe kimoja wapo kwenye bawa.

Paul Whalley wa Uingereza, alipoeleza wadudu wa Jurasiki ya chini wa Dorset mwaka 1985, alilijadili hili. Kwenye kazi hiyo hiyo alimtambulisha Archaeolepis mane kutoka Charmouth, bawa la miaka milioni 190 lenye magamba, ambalo kwa muda mrefu lilihesabiwa kuwa nondo wa kale kuliko wote. Mwaka 2018 rekodi hiyo ikavunjwa na magamba peke yake, ya hadubini, yaliyotolewa kwenye udongo wa kisima kilichochorongwa Schandelah, Ujerumani, mpakani mwa Triasiki na Jurasiki, yapata miaka milioni 201.

Kwa hiyo nondo walikuwapo tayari. Trikoptera nao, kwa hesabu za vinasaba, walikwisha kujitenga tangu Permi. Necrotauliidae wanaweza kuwa matawi ya pembeni yaliyobaki na sura ya babu, wakiruka jirani na wote wawili, na lava wao huenda waliishi kwenye kuvumwani au udongo wenye unyevu kama wanavyoishi lava wa nondo wa kale mpaka leo. Au ni trikoptera wa kawaida waliohifadhiwa vibaya. Au, na hili naliona lina uzito zaidi, ni mchanganyiko wa wote hao chini ya jina moja.

---

Ndege Mjanja

Sasa umefika ninapotaka. Hii familia ni kapu la taka. Unaposema "kila chenye sura ya kale tumbukiza humu", umeunda stoo. Familia lazima iwe babu mmoja na wazao wake. Kwa nini isifutwe tu tupumzike? Vitabu vinaendelea kuchapisha "Necrotauliidae, Triasiki mpaka Kretasia, Ulaya mpaka Asia" kana kwamba ni kitu kimoja kilichoishi miaka milioni mia. Mwanafunzi anasoma, anachora jedwali, anasema "familia hii ilidumu sana". Haikudumu chochote, ni uvivu wetu wa kuainisha ndio uliodumu.

---

Gamba la Jiwe

Ndege, nakubali theluthi mbili.

Kufuta huwezi, kwa sababu jina la familia limefungwa kwenye jenasi, jenasi kwenye spishi, spishi kwenye kielelezo chenyewe kilichoko kwenye droo ya makumbusho. Kanuni za majina haziulizi kama familia ina maana, zinauliza kama jina lilichapishwa ipasavyo. Unachoweza ni kulipunguza: bakiza Necrotaulius na wanaofanana naye kwa kitu cha kweli, waliobaki uwaweke "Amphiesmenoptera wasio na makao" mpaka ushahidi upatikane. Ndiyo kazi inayoendelea, kielelezo kimoja kimoja.

Na usidharau stoo. Miaka ya Handlirsch hakukuwa na namna nyingine ya kuhifadhi mabawa hayo kwenye maandishi. Asingeyapa jina, yangekuwa kwenye maboksi yameandikwa "wadudu mbalimbali" mpaka leo.

---

Ndege Mjanja

Theluthi iliyobaki nitakuja kuichukua. Na Tarachoptera je? Si waliundiwa oda nzima mwaka 2017 kutoka kwenye kaharabu (utomvu wa miti uliogeuka jiwe) ya Myanmar, wakasemwa ni ndugu wa tatu wa nondo na trikoptera? Kama oda nzima inaweza kuzaliwa juzi, Necrotauliidae nao wapewe yao.

---

Gamba la Jiwe

Tofauti ni kaharabu. Wale wa Myanmar wana miaka kama milioni 99 na mwili mzima upo: kichwa, mdomo, vipapasio, miguu, viungo vya uzazi, unageuza chini ya hadubini unavyotaka. Una cha kusimamia. Kwa Necrotauliidae una karatasi bapa ya mishipa. Nani atakupa oda kwa ushahidi huo? Kitakachomaliza ugomvi ni mwili mmoja wenye kichwa kinachoonekana vizuri, uliobanwa pamoja na mabawa yanayolingana na Necrotaulius bila shaka. Udongo wa Grimmen una vinundu vya chokaa vilivyoganda mapema kabla tope halijabanwa, na wadudu ndani yake wametoka safi. Mimi nikiambiwa niweke dau, naweka huko.

---

Mzee wa Kaole

Assalaam alaykum vijana. Nimesikia kaharabu. Nyumbani kuna kipande cha sandarusi cha marehemu babu, ndani yake mna mdudu mwenye mabawa kabisa. Wapwa zangu wanasema ni mali ya mamilioni na mdudu ni wa enzi za dinosaria. Niwaamini?

---

Gamba la Jiwe

Wa alaykum salaam mzee, shikamoo. Usiwaamini, ila usikitupe.

Sandarusi ni utomvu wa msandarusi, na kwa umri ni changa sana ukilinganisha na kaharabu. Ile ya kuchimbwa ardhini inaweza kuwa na umri wa kutosha kumshangaza mtu, lakini si mamilioni ya miaka ya dinosaria. Kipimo cha nyumbani ni rahisi: dondosha tone la asetoni, ile ya kufutia rangi ya kucha, pembeni mbali na mdudu. Sandarusi itanata kidoleni, kaharabu halisi haitajali.

Thamani yake ni nyingine. Biashara hii ndiyo iliyokuwa ikijaza meli Unguja kwenda Salem, Massachusetts, karne ya 19, ikawa vanishi ya samani na magari ya farasi. Vipande vyenye wadudu viliishia makumbusho ya Ulaya na Marekani, na watafiti wanavitumia kujua misitu ya pwani yetu ilikuwa na wadudu gani kabla haijafyekwa. Kipande cha babu ni kumbukumbu ya msitu.

---

Bwashee Kiti Moto

Wapwa wameshapiga hesabu ya Alphard mzee, wape taarifa taratibu.

Mimi nina la pembeni. Hawa lava wakipewa malighafi tofauti wanajenga nayo?

---

Gamba la Jiwe

Wanajenga. Msanii mmoja wa Ufaransa, Hubert Duprat, tangu miaka ya 1980 amekuwa akiwatoa lava kwenye vijumba vyao na kuwaweka kwenye maji yenye vipande vya dhahabu, lulu na vito. Wanajivika dhahabu. Vijumba hivyo vimeoneshwa kwenye makumbusho za sanaa.

Kinachowezesha ni hariri yenyewe. Protini yake imebebeshwa fosfati nyingi, na fosfati hizo zinashikana na kalsiamu iliyomo majini, ndiyo maana inanata kwenye kitu kilicholowa. Hariri ya nondo haina kiasi hicho. Watu wa tiba wanaitazama kwa ajili ya gundi ya kufungia kidonda kibichi.

---

Bwashee Kiti Moto

Kesho nawapeleka Geita hawa, wakae kwenye marudio ya mgodi.

---

Chura wa Kihansi

Watakufa kwa zebaki kabla hawajamaliza hata ukuta wa kwanza, bwashee.

---

mpiga_ramli

Gamba, la mwisho kutoka kwangu. Huku kwetu kuna mwamba wa namna hiyo? Wa tope laini, wa kutulia, ambao ukiupasua unaweza kukuta bawa? Maana nina nyundo.

---

Gamba la Jiwe

Upo. Mahenge, mkoa wa Singida, si ile Mahenge ya Ulanga. Ni ziwa la shimo la volkano la zama za Eosini, yapata miaka milioni 46, tope lake likawa mwamba wa kupasuka kurasa kurasa. Wametoka samaki wengi humo, mmoja jenasi yake inaitwa Singida kabisa, na wengine, Mahengechromis, ni kati ya jamaa wa kale kabisa wa sato na perege wanaojulikana. Ametoka popo pia, Tanzanycteris. Ziwa dogo tulivu, tope laini, hakuna mkondo: ndiyo mazingira yanayohifadhi kijumba na mwenye nacho pamoja. Kwa umri, Necrotauliidae huwezi kuwapata huko, walikwisha zamani sana. Jamaa zao wa kisasa zaidi ndio ningewatafuta.

Ila nyundo iweke chini. Visukuku vinalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, kuchimba bila kibali ni kosa, hata kama shamba ni la shemeji yako.

---

mpiga_ramli

Shemeji mwenyewe yuko Manyoni, si mbali na huko. Basi nauliza kibali kinaombwa wapi, na wanachukua muda gani?

---

Mama Nuru

Anzia Idara ya Mambo ya Kale, ila mtu binafsi hawampi kirahisi. Tafuta chuo chenye wanajiolojia, uombe kubeba mabegi yao. Wanafunzi wangu wawili waliingia fani hii kwa njia hiyo.